Tangazo la afilieti limekataliwa Facebook au Instagram: namna ya kukata rufaa bila kuipoteza akaunti

Umesponsa tangazo usiku ili asubuhi likute watu kwenye daladala wakiperuzi simu. Unaamka, unafungua Ads Manager, yaani dashibodi ya matangazo ya Meta, unakuta neno "Rejected" jekundu. Hapo wengi hukimbilia jambo moja, nalo ndilo baya kuliko yote: wanalinakili lile tangazo na kulirusha tena lilivyo. Linakataliwa, wanarusha la tatu. Ikifika jioni kesi si ya tangazo tena, akaunti nzima imefungiwa.

Hapa nazungumza na afilieti, yaani wewe unayetangaza bidhaa ya mtu mwingine ili upate kamisheni. Nashika Facebook na Instagram kwa kuwa zote ni za Meta, zina sheria moja za matangazo na dashibodi moja. TikTok nitaigusa mwishoni.

Kwa nini afilieti ndiye anayekamatwa

Afilieti ni winga wa Kariakoo aliyehamia mtandaoni. Winga anakupokea Mtaa wa Aggrey, anakuingiza duka la mwenzake, anaweka cha juu chake. Simu ikiwa kimeo, mteja anamtafuta winga, maana sura aliyoiona ni ile. Meta nayo iko hivyo hivyo. Haimtafuti mwenye bidhaa. Inaishika akaunti iliyolipia tangazo.

Tatizo ni kwamba wewe unajibu kwa vitu usivyovimiliki. Ukurasa wa mauzo ni wa mwenye bidhaa, naye anaweza kuubadilisha usiku bila kukuambia. Linki ya kamisheni inapitia tovuti inayotumiwa na maelfu ya afilieti wengine, na wakiwemo matapeli wa kutosha, tovuti hiyo inaweza kuwa tayari imeshachafuka machoni pa Meta kabla hujaitumia. Ndiyo maana tangazo lenye maneno safi na picha safi linaweza kukataliwa: ukaguzi hauishii kwenye picha na maandishi, unafuata na linki mpaka inakofikia.

Hatua ya 1: Usiguse kitu, kwanza tambua kilichokataliwa

Kuna mambo matatu tofauti na watu huyachanganya. Tangazo moja kukataliwa. Akaunti ya matangazo kuwekewa vizuizi. Na wewe mwenyewe, yaani profaili yako, kuzuiwa kutangaza. Kila moja lina rufaa yake. Ukikata rufaa ya tangazo wakati kilichofungwa ni akaunti, hutapata kitu hata ukishinda.

Mahali pa kuangalia ni Business Support Home, ukurasa ambao zamani uliitwa Account Quality. Chagua akaunti yako, utaona orodha ya vilivyokataliwa na sera iliyotajwa kwa kila kimoja. Fungua hiyo sera uisome yote, siyo kichwa chake tu. Kama Kiingereza kinakusumbua, itafsiri kwa simu. Dakika kumi za kusoma zitakuokolea wiki ya kubahatisha.

Kisha piga skrinshoti: tangazo lenyewe, sababu iliyoandikwa, na ukurasa ambao linki inafikia kwa siku hiyo. Hii ya mwisho wengi huisahau, halafu mwenye bidhaa akibadilisha ukurasa wanabaki hawana cha kuonyesha.

Hatua ya 2: Amua kama una kesi

Rufaa si ombi la huruma. Ni kumwambia mkaguzi kwamba sheria hii haikuvunjwa, na ushahidi ni huu. Kama sheria kweli ilivunjwa, huna cha kukatia rufaa. Una cha kurekebisha. Na kama bidhaa yenyewe hairuhusiwi, huna hata cha kurekebisha. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, jiulize uko kwenye kapu gani.

Kapu la kwanza ni mashine kukosea. Ukaguzi wa mwanzo hufanywa zaidi na programu, na programu haijui muktadha. Chukua ile mashine ya kukanda misuli inayouzwa sana mjini, ambayo watu wameizoea kwa jina la bunduki ya masaji. Weka neno bunduki kwenye tangazo, weka picha ya kitu chenye mshiko na mtutu mfupi, usishangae ukijibiwa kwamba unauza silaha. Pampu ya kukamua maziwa ya mama nayo inaweza kuangukia kwenye sera ya picha za utupu. Hizi ndizo kesi za rufaa.

Kapu la pili ni kosa la kweli linalorekebishika, na afilieti wengi wako humu ingawa hawapendi kukubali. Tazama tangazo hili, ambalo mfano wake unauona kila siku:

"Je, wewe ni mnene na umechoka kuchekwa? Kunywa chai hii, siku 14 kitambi kwisha!"

Hapo kuna makosa matatu katika mstari mmoja. "Wewe ni mnene" inamsema msomaji hali yake binafsi, na Meta hairuhusu tangazo limwambie mtu, au limdokezee, kwamba linajua afya yake, dini yake, kabila lake au hali yake ya kifedha. "Umechoka kuchekwa" inamfanya ajichukie mwili wake, nayo inakatazwa kwa bidhaa za kupunguza uzito. "Siku 14 kitambi kwisha" ni ahadi isiyothibitika. Ukiongeza na ile picha ya kabla na baada, umemaliza. Tena bidhaa za kupunguza uzito hulengwa kwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Ukiacha umri wazi, hilo nalo ni kosa.

Liandike upya: "Chai ya tangawizi na mchaichai, haina sukari. Inaletwa ulipo ndani ya Dar es Salaam. Bei na viungo viko kwenye ukurasa." Najua, halina moto kama lile la kwanza. Lakini lile la kwanza halionekani na mtu, kwa hiyo haliuzi hata pakiti moja.

Kozi za kupata pesa mtandaoni ziko kapu hili hili. "Ingiza 50,000 kwa siku ukiwa kitandani" haitapita. "Kozi ya masomo 12 ya kutengeneza matangazo kwa simu, kwa Kiswahili" ina nafasi, mradi ukurasa nao usirudie ile ahadi ya kitandani. Kozi ambayo kazi yake ni kumfundisha mtu kuuza kozi hiyo hiyo kwa mwingine, hiyo ihesabu kapu la tatu.

Kapu la tatu ni bidhaa isiyo na njia. Kubeti na mikeka kunahitaji kibali cha maandishi kutoka Meta, kinachoombwa kwa kuonyesha kwamba shughuli ina leseni katika nchi unayolenga. Kwetu leseni hizo hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Afilieti mwenye linki ya bonasi tu hana pa kuanzia. Dawa za nguvu za kiume zenye ahadi za miujiza, sahau. Programu za mikopo, kuwa mwangalifu sana: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukitangaza moja ya hizo, Meta ni tatizo lako dogo.

Tena sheria ya nchi haisubiri Meta ilikatae tangazo. Dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, vyakula na vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mwombe mwenye bidhaa namba ya usajili kabla hujachukua linki yake. Akianza kuzunguka mbuyu, achana naye.

Hatua ya 3: Ikague linki kama mgeni

Hapa kaa muda mrefu, kwa sababu ndipo kesi nyingi za afilieti zinapofia.

Fungua linki yako kwenye dirisha la faragha (incognito) la simu, uangalie inapita wapi. Linki iliyofupishwa inampeleka mtu kwenye tovuti ya kamisheni, tovuti ya kamisheni inamsukuma kwa mwenye bidhaa. Kila mruko ni sababu nyingine ya kushukiwa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mitandao mingi ya afilieti humpeleka mgeni kwenye ofa kulingana na nchi aliyopo. Wewe wa Sinza unaona ukurasa wa chai; roboti la ukaguzi si lazima liingie kwa anwani ya Tanzania, nalo linaweza kuonyeshwa ofa nyingine kabisa, pengine kasino. Kwa Meta hiyo inaonekana ni hila ya kuwaonyesha wakaguzi kitu kimoja na wateja kingine, kosa linalohesabiwa kuwa kukwepa mifumo. Hilo ni kosa zito, na utashtakiwa nalo wakati hujui hata lilivyotokea.

Kuna zana ya bure ya Facebook iitwayo Sharing Debugger. Bandika linki yako humo ikuonyeshe roboti la Facebook linapata nini: kichwa gani, picha gani, anwani ya mwisho ni ipi. Ukikuta tofauti na unachokiona kwenye simu yako, umeshampata mchawi.

Dawa yake ni kuwa na ukurasa wako mwenyewe kwenye jina lako la tovuti. Jina la .co.tz linapatikana kwa mawakala waliosajiliwa kuuza majina ya .tz, na si gharama ya kukuumiza kichwa. Tangazo limlete mtu hapo, na hapo ndipo pawe na linki ya kamisheni. Lakini ukurasa uwe na nyama: bidhaa ni nini, bei kwa shilingi, inaletwaje, nani anauza, namba ya simu inayopokelewa, na sentensi moja wazi kwamba mteja akinunua kupitia hapo, wewe unapata kamisheni. Ukikusanya majina na namba za watu, weka sera ya faragha. Meta inaitaka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakuhusu. Ukurasa mtupu wenye kitufe kimoja cha "Bofya hapa" haukusaidii, huo wenyewe ni sababu ya kukataliwa.

Toa saa ya uongo inayohesabu kurudi nyuma. Toa alama ya kuchezea video iliyochorwa juu ya picha isiyo video. Toa nembo ya kampuni ya simu na picha ya msanii ambaye hajui kama upo. Na usome mkataba wa programu yako ya afilieti, kwa sababu baadhi zinakataza kununua matangazo kwa jina la chapa yao. Unaweza kushinda rufaa Meta na kunyimwa kamisheni na mwenye bidhaa.

Wapo wanaokwepa habari ya ukurasa kwa kulifanya tangazo lifungue WhatsApp. Kwa biashara halali ni njia nzuri, na wateja wa Dar wanapenda kuuliza kabla ya kulipa. Maandishi na picha bado vinakaguliwa vilevile, ila unaondoa mzigo wa tovuti za watu.

Hatua ya 4: Chagua moja, kurekebisha au rufaa

Usifanye vyote kwa tangazo lile lile kwa wakati mmoja. Ukilihariri tangazo lililokataliwa na kulichapisha, linaingia ukaguzi upya lenyewe, na toleo ulilotaka kulitetea halipo tena.

Ningekuwa na bunduki ya masaji, tangazo jipya, halina hata komenti, nisingesumbuka na rufaa. Ningebadilisha neno liwe "kifaa cha kukandia misuli", nikaweka picha inayoonyesha kikiwa begani mwa mtu, nikachapisha. Ila kama tangazo lilishapitishwa, limekimbia siku kadhaa, lina komenti za wateja na mfumo umeshajua wanunuzi ni akina nani, kisha ndipo likakataliwa, hapo pigania. Tangazo jipya litaanza sifuri. Na ndiyo, tangazo lililopitishwa linaweza kukaguliwa tena wakati wowote, kwa hiyo usibadilishe ukurasa kinyemela baada ya kupita.

Hatua ya 5: Kukata rufaa yenyewe

Kwenye Business Support Home chagua tangazo, kisha bonyeza "Request review". Wakati mwingine utaulizwa sababu kwa kuchagua kwenye orodha, wakati mwingine kuna kisanduku cha kuandika, na mara nyingi hakuna kisanduku chochote: unabonyeza, basi. Ndiyo maana nimekuchelewesha kwenye linki. Pasipo kisanduku, tangazo na ukurasa wako ndiyo maelezo pekee atakayoyaona anayekagua.

Kisanduku kikiwepo, usiandike hivi: "Habari zenu ndugu wa Facebook, mimi ni mjasiriamali mdogo, nina familia inanitegemea, tangazo langu halina shida yoyote, naombeni sana mnisaidie." Hakuna hata neno moja hapo linalomsaidia mkaguzi kuamua. Andika hivi:

"Tangazo limekataliwa kwa sera ya silaha. Bidhaa si silaha. Ni kifaa cha betri cha kukandia misuli baada ya mazoezi. Picha inaonyesha kikitumika begani. Ukurasa wa linki unaonyesha bei, maelezo ya matumizi na mawasiliano ya muuzaji, na hauuzi silaha wala vipuri vyake. Naomba tangazo likaguliwe tena."

Taja sera, sema bidhaa ni nini, onyesha ushahidi ulipo, omba. Sentensi fupi, Kiswahili sanifu, bila maneno ya mtaani, kwa kuwa huenda maandishi yako yakasomwa kupitia tafsiri ya mashine. Kama Kiingereza chako kinatosha, andika Kiingereza. Usitukane, usitishie kuhamia TikTok.

Hatua ya 6: Kusubiri

Meta inasema ukaguzi wa kawaida wa tangazo mara nyingi huisha ndani ya saa 24. Rufaa inaweza kuchukua zaidi ya hapo. Katika muda huo usirushe nakala, usifungue akaunti nyingine ya matangazo kulirushia tangazo lile lile, usitumie kadi ya shemeji. Hilo nalo linaangukia kwenye kukwepa mifumo, na akaunti zinazoshirikiana kadi, simu au ukurasa zinaweza kuunganishwa na kufungwa kwa pamoja. Endelea na matangazo mengine ambayo hayana mgogoro.

Rufaa ikikataliwa, rudi hatua ya 2 ukiwa mkweli zaidi. Mara nyingi utagundua kilichokuponza ni ukurasa. Kama bado unaamini mashine imekosea na akaunti yako ina nafasi ya kuchati na wahudumu wa Meta, peleka skrinshoti zako huko. Nafasi hiyo hawapewi wote. Isipokuwepo, tengeneza tangazo jipya kweli kweli, picha mpya, maneno mapya, ukurasa uliorekebishwa. Likigoma na hilo, badilisha bidhaa.

Akaunti ikifungwa

Hapa rufaa inadai utambulisho. Utaombwa kuthibitisha namba ya simu na kupakia kitambulisho: cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva. Balaa letu ni majina. Profaili inaitwa Mama Juniour Wa Mbagala, NIDA inasema kitu kingine kabisa, na mkaguzi hana namna ya kujua ni mtu mmoja. Rekebisha jina na tarehe ya kuzaliwa kabla mambo hayajaharibika, maana baada ya kufungiwa mabadiliko ya ghafla yanaonekana vibaya. Kitambulisho kipigwe picha mchana, pembe zote nne zionekane, kisiwe na mwanga unaorudi. Kama biashara umeisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na una TIN, namba ya mlipakodi, kusanya na hizo nyaraka. Zinasaidia kwenye uthibitisho wa biashara, na jina lililo kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye cheti.

Washa na uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti nyingi zinazofungwa kwa matangazo ya ajabu zilikuwa zimedukuliwa kwanza.

Na wakati huu ndipo matapeli wanapokuja. Utapokea ujumbe Messenger wenye nembo ya Meta: ukurasa wako utafutwa baada ya saa 24, bofya hapa ukate rufaa. Rufaa haipiti Messenger. Taarifa ya kweli utaikuta ndani ya Business Support Home ukiingia mwenyewe, siyo kwa kubofya linki uliyotumiwa. Vivyo hivyo na yule wa kwenye grupu la WhatsApp anayesema ana mtu wake ndani wa kufungua akaunti kwa laki moja. Akikuomba nywila au zile namba za uthibitisho, anakuja kukumalizia hata akaunti iliyobaki.

TikTok, kwa ufupi

Tangazo likikataliwa kwenye TikTok Ads Manager, sababu huonyeshwa kwenye tangazo lenyewe na kitufe cha rufaa kiko hapo hapo. Mantiki ni ile ile: soma sera, kagua linki, kisha ndipo uombe. Zaidi ya hapo, video yoyote unayoiposti kutangaza bidhaa ya mtu kwa malipo inatakiwa iwashiwe mpangilio wa kutaja kwamba ni maudhui ya kibiashara. Watu huuzima wakidhani utapunguza watazamaji, kisha wanashangaa video kuondolewa.

Tangazo likirudi

Usilipandishie bajeti siku hiyo hiyo kufidia muda uliopotea. Liache likimbie kwa kiwango chake cha zamani siku mbili tatu, na kila asubuhi ufungue linki kama mteja, kwenye dirisha la faragha. Ukikuta mwenye bidhaa amebadilisha ukurasa, simamisha tangazo kwanza, kisha mpigie simu.